Mtandao ulipogonga mwamba mpakani, redio iliendelea kufundisha

Arua ilipata hadhi ya jiji Julai 1, 2020, shule zote za Uganda zikiwa zimefungwa kwa sababu ya korona. Zilifungwa Machi mwaka huo na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 10, 2022. Wanafunzi wapatao milioni 15 waliathirika.

Miji mingi duniani ilikimbilia mtandao ili watoto na watu wazima waendelee kusoma. Vyuo vikuu vya Uganda navyo viliruhusiwa kufundisha hivyo kwa dharura. Lakini kutoka Arua, kupitia Koboko, hadi Oraba, kituo cha forodha kinachotazamana na Kaya ya Sudan Kusini, vikwazo vilikuwa vitatu.

Cha kwanza ni umeme. West Nile ilikuwa bado haijaungwa na gridi ya taifa. Ilitegemea mtambo mdogo wa Nyagak na jenereta. Cha pili ni gharama. Tangu Julai 2018, kutumia WhatsApp au Facebook kulitozwa shilingi 200 kwa siku. Julai 2021 kodi hiyo ilifutwa, ikaja nyingine ya asilimia 12 kwenye data. Cha tatu ni simu yenyewe: muuza mihogo mwenye simu ya kitochi hawezi kufungua somo la video.

Kilichofika hadi vijijini ni redio, pamoja na vijitabu vya kujisomea nyumbani vilivyotolewa na serikali. Redio hutumia betri tu, na vituo vya Arua na Koboko huzungumza lugha za wenyeji. Mawimbi nayo hayaulizi pasipoti: Wakakwa wanaishi Uganda, Sudan Kusini na Kongo.

Hata hivyo, redio ina upungufu. Msikilizaji hawezi kuuliza swali wala kusahihishiwa kazi. Hapo ndipo panapohitajika simu za kupiga studio, na chumba kimoja chenye umeme wa jua na intaneti katika kila mji mdogo.

Maandalizi hayo yasisubiri. Ebola ya mwaka 2022 ilikatisha muhula wa shule wiki mbili kabla ya wakati. Mwaka huohuo serikali ya Uganda ilikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, na Kongo ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Dereva wa lori, fundi cherehani na mchuuzi wa Oraba wote wana la kujifunza. Kipindi cha Kiswahili redioni kila jioni kingekuwa mwanzo mzuri, na mpaka ukifungwa tena, darasa litabaki wazi.