Kabla ya Kununua Basi Kuukuu la Kufufua: Hati Kwanza, Rangi Baadaye



Mabasi makubwa ya zamani, yakiwemo ya Leyland, Scania, Isuzu na Mercedes-Benz, yanapotangazwa kuuzwa hayakosi wateja. Mmoja hutamani kulirudisha basi barabarani, mwingine huona ndani yake mkahawa au duka, na ushirika nao hufikiria usafiri wa wanachama wake. Nia hizo ni njema. Makala haya yanaeleza namna ya kulipima basi la aina hiyo kabla fedha hazijatoka mfukoni, hasa linapotoka upande wa pili wa mpaka. Injini mbovu hutengenezwa, lakini hakuna fundi awezaye kutengeneza basi lisilo na mwenyewe halali.

Hati na nambari

Anza kwa kuuliza ni nani aliyeandikwa kwenye hati ya umiliki. Kwa basi lenye umri wa miaka 40 huenda mmiliki huyo alikwisha kufariki, au ni kampuni iliyovunjwa. KAMATA, iliyokuwa kampuni ya mabasi ya taifa nchini Tanzania, haipo tena. Basi lililotoka katika shirika la namna hiyo lapaswa kuwa na karatasi za mnada au za mfilisi, pamoja na mfululizo wa mauziano hadi kwa muuzaji wa leo. Kama mmiliki ni marehemu, warithi ndio wenye haki ya kuuza, wala si dalali aliyepewa ufunguo.

Kisha linganisha nambari ya chasisi iliyo kwenye hati na ile iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Magari ya kuanzia miaka ya 1980 kwa kawaida yana nambari yenye tarakimu na herufi 17, ambamo herufi I, O na Q hazitumiki. Basi la kabla ya hapo laweza kuwa na nambari fupi zaidi, na hilo peke yake si dalili ya wizi. Dalili za kutia shaka ni chuma kilichosagwa, herufi zisizolingana kimo, au kibati kilichochomelewa upya. Fahamu pia kwamba mabasi mengi ya Afrika Mashariki yalijengewa bodi za hapa hapa juu ya chasisi za malori. Kwa hiyo mwaka wa bodi na mwaka wa chasisi vyaweza kutofautiana kihalali, ilimradi hati zinaeleza hivyo.

Ukiwa na shaka, peleka nambari hizo polisi kabla ya kulipa. Kupitia ofisi ya kitaifa ya INTERPOL, polisi wanaweza kuuliza kama gari limeripotiwa kuibwa katika nchi nyingine. Kuuliza si kumshtaki muuzaji, na muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Kwa basi linalotoka Tanzania, njia halali ni kituo cha forodha, kama kile cha Kobero, na malipo hufanywa kwa Ofisi ya Mapato ya Burundi (OBR). Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu bidhaa zisizolipiwa ushuru kutaifishwa. Anayenunua basi lililopitishwa njia za panya aweza kupoteza basi na fedha kwa pamoja.

Mlango uko upande gani?

Tanzania huendesha magari upande wa kushoto wa barabara; Burundi huendesha upande wa kulia. Basi lililojengwa kwa ajili ya Tanzania lina mlango wa abiria ubavuni kushoto. Likisimama kwenye barabara zetu, mama mwenye mtoto mgongoni atashukia katikati ya barabara, mahali magari yanapopita. Kuhamisha mlango ni zaidi ya kukata bati, kwa sababu nguzo za bodi hukatwa na lazima ziimarishwe upya. Gharama hiyo ihesabiwe mapema.

Mifupa ya basi

Rangi mpya hudanganya macho. Vaa nguo za kazi, ingia chini ya basi ukiwa na tochi na nyundo ndogo. Kabla ya hapo hakikisha basi limesimama mahali tambarare na magurudumu yamezuiwa, wala usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki pekee. Gonga chasisi karibu na vishikizo vya springi, matao ya magurudumu na ngazi za mlango. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu hutoa sauti nzito iliyokufa. Lami nene iliyopakwa juzi yaweza kuwa imeficha ufa. Ndani, inua zulia ukague sakafu, kwani maji hupenya na kuozesha mbao bila kuonekana.

Breki, tairi na injini

Mtu wa Bugendana anaijua milima. Kutoka Bugarama hadi Bujumbura barabara huteremka zaidi ya mita 1,000, na hapo ndipo breki za basi kuukuu hujaribiwa. Kama breki ni za upepo, jaza hewa, zima injini, kanyaga pedali na uishikilie huku ukitazama mshale na kusikiliza. Mshale ukiendelea kushuka haraka, hewa inavuja.

Kwenye tairi, soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT. 2316 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi lenye vipande vizuri lakini lililozeeka laweza kupasuka.

Mwombe muuzaji asiiwashe injini kabla hujafika, ili uione ikiwaka ikiwa baridi. Moshi wa buluu huashiria kuungua kwa oili. Oili yenye rangi ya maziwa huashiria kuchanganyika na maji.

Kabla ya kutoa fedha

Nenda na fundi wako mwenyewe, asiye na ujamaa na dalali. Andikeni kila kipuri kinachokosekana na mahali kitakapopatikana. Kioo cha mbele kilichopinda cha basi la zamani huweza kuwa kigumu kupata kuliko injini. Kama basi litakuwa mkahawa uliosimama, breki na injini hupungua umuhimu, lakini hati hazipungui.

Usibebe abiria hata mmoja kabla basi halijapita ukaguzi wa kiufundi na kukatiwa bima. Lipeni mbele ya mashahidi, kwa mkataba ulioandikwa nambari ya chasisi. Muuzaji akikuharakisha ulipe usiku, au akikuzuia kwenda kuuliza, ondoka, kisha utoe taarifa katika kituo cha polisi kilicho karibu nawe.