Kupokea familia nyingine Siku ya Mungu wakati umechoka

Wenzangu tuliomaliza pamoja, leo nataka tuongee juu ya chakula cha Siku ya Mungu.

Hapa Kiambi mtu mmoja akipita na kukuta bukari mezani, ananawa mikono, anakula, basi. Lakini kuita familia nzima, baba, mama na watoto watano, hiyo ni kazi ingine. Mimi ni mwalimu, niko na watoto wanne, na Siku ya Mungu ndiyo siku yangu ya kufua nguo na kusahihisha madaftari. Kwa hiyo nilizoea kusema: “Tutawaita, lakini si juma hili.”

Kuna familia moja ambayo sikupaswa kuifanyia vile. Mwaka 2017, wakati wa vita kati ya Waluba na Watwa, watu wengi wa Manono walikimbilia Kalemie. Sisi tulilala miezi saba katika chumba kimoja cha nyumba yao. Ndagala walizopata tulikula wote, hawakuhesabu. Mwaka jana kazi iliwaleta hapa Kiambi. Miezi kumi ikapita, sijawaita. Juu ya nini? Nilitaka kwanza nipate kuku wawili, mchele, na viti vya kutosha. Siku moja tulikutana kwenye mto Luvua, mama wa familia ile akaniuliza bila hasira: “Dada, tulikukosea kitu?” Nilisikia haya mpaka nikakosa jibu.

Siku ya Mungu iliyofuata walikuja. Hii ndiyo namna nilifanya, na mpaka leo nafanya vile vile.

Kwanza, pika chakula kinachoweza kungojea. Sombe ni nzuri kwa hiyo. Jumamosi watoto wanatwanga, jioni ninachemsha kwa muda mrefu, kwa sababu majani ya muhogo yasipoiva vizuri yanabaki na sumu. Asubuhi, mbele ya kwenda misa, nachemsha tena mpaka itokote, natia mafuta ya mawese na karanga. Ndagala kavu hazihitaji frigo. Kuku anataka kufukuzwa, kuchinjwa na kunyonyolewa siku ile ile: muache. Bukari peke yake ndiyo haingojei, ikipoa inakuwa ngumu. Isonge wageni wakiisha kufika.

Pili, sema saa ya kuja na saa ya kurudi. Mimi nilisema: “Muje baada ya misa, tukae mpaka saa kumi, kesho watoto wana masomo.” Hakuna aliyenuna. Hata wao wana madaftari na nguo za kufua.

Tatu, mgeni akiuliza alete nini, usijibu “hapana, kuja tu.” Mwambie kitu unachokosa kweli. Mimi nilikosa sahani na makala. Walileta vyote viwili, na mkeka juu yake. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mzazi aliyechoka anaweza kumpa mwiko siku ya kwanza.

Nne, kazi isibaki kwa mama peke yake. Mume wangu aliteka maji na kuwasha mbabula. Watoto wakubwa wa nyumba zote mbili waliosha sahani pamoja, na pale ndipo walianza kuzoeana. Mbele ya pale walikuwa wanaangaliana tu.

Tano, usifiche uchovu wako. Kisha kula, tulikaa kwenye mkeka chini ya muembe. Yule mama alikuwa ananihadithia habari za Kalemie, usingizi ukanibeba. Nilipoamka nilikuta amenifunika kitenge, na sufuria zote zimeoshwa. Nikaanza kuomba radhi. Akanijibu: “Kule kwetu ulikuwa unalala hivi hivi, na nilikuwa nafurahi, nilijua unajisikia nyumbani.”

Miezi kumi nilifikiri deni langu ni kuku wawili. Kumbe wao walikuwa wanangojea tuwafungulie mlango.

Wewe pia kuna familia unayoiambia “si juma hili.” Waite. Sombe inatosha.