Mafuta Yapi? Istilahi na Utunzaji wa Msumeno wa Mnyororo

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi msumeno wa mnyororo unavyosafishwa na kutunzwa kwa usalama, na kuonyesha kwamba usalama huo hutegemea pia istilahi za karatasi ya maelezo. Mpasua mbao wa Kata ya Ulemo, wilayani Iramba, ambaye huenda lugha yake ya kwanza ni Kinyiramba, hutegemea Kiswahili cha karatasi hiyo. Neno likiwa na maana mbili, atakayeumia ni yeye, wala si mtafsiri.

Tuanze na neno mafuta. Msumeno wa injini ya petroli una matangi mawili. La kwanza hutiwa petroli iliyochanganywa na oili. Kwa mashine nyingi za siku hizi kipimo ni sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, yaani mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli. La pili hutiwa oili ya kulainisha mnyororo. Agizo la “jaza mafuta” halitoshi. Petroli tupu ikitiwa katika tangi la kwanza, pistoni hukosa ulainisho na hukwama. Petroli ikiingia katika tangi la pili, hurushwa juu ya chuma chenye joto na yaweza kuwaka. Twapendekeza basi istilahi mbili: petroli ya mchanganyiko na oili ya mnyororo. Neno mafuta lisitumiwe peke yake.

Pili, yafaa kutofautisha kusimamisha na kuzima. Mtumiaji akiachia kidhibiti mwendo, mnyororo husimama, lakini injini ingali ikinguruma. Agizo sahihi lina hatua nne: zima injini, subiri ipoe, chomoa waya wa plagi, vaa glavu. Hapo ndipo mkono uguse mnyororo.

Tatu ni neno kusafisha, ambalo huficha kazi kadhaa. Chujio la hewa hung’utwa. Katika vumbi la kiangazi cha Singida kazi hii haifai kuahirishwa, kwani chujio lililoziba huinyima injini hewa. Mfereji wa bapa, yaani chuma kirefu kinachoshika mnyororo, hukwanguliwa unga wa mbao, pamoja na tundu la kupitishia oili. Mapezi ya kupozea injini hupigwa brashi. Kila kazi itajwe kwa kitenzi chake.

Nne ni meno. Katika kunoa, tupa ya duara hupitishwa kutoka ndani ya jino kwenda nje, kwa mwelekeo mmoja, na kila jino hupata mapito sawa. Lakini mbele ya kila jino pana nundu ndogo inayopima kina cha ukataji. Ikipunguzwa kupita kiasi, jino huuma mti mno, na msumeno waweza kumrukia mtumiaji. Kwa hiyo “piga tupa meno yote” ni agizo la hatari. Twapendekeza sehemu hii iitwe nundu ya kina, na itajwe kando.

Walimu wa ufundi na maofisa wanaotayarisha maelezo hawana budi kwanza kuitazama mashine yenyewe, kisha kuchagua neno. Kamusi peke yake haionyeshi kwamba matangi ni mawili.