Kalemie: Kati ya Mkatoliki na Mprotestanti, nani huthubutu kusema?

Ni wazo la zamani: Mkatoliki hungoja askofu aseme kwanza, Mprotestanti hufungua Biblia yake na kusema anavyoona. Lakini historia ya ziwa Tanganyika na ya Kongo nzima inatoa jibu lingine.

Waprotestanti ndio waliotangulia huku. Mwaka 1879, wamisionari wa London Missionary Society walifungua kituo Mtowa, kaskazini mwa Kalemie ya leo, lakini hawakudumu. Mwaka 1885, Mapadri Weupe walipokea ngome ya Mpala, upande wa kusini. Huko misheni ilifundisha dini, na pia ilitawala watu na kuamua kesi. Kumpinga padri kulikuwa kumpinga mtawala.

Wakati wa Mfalme Léopold II, wazo lile lilionekana kuwa la kweli. Wamisionari Waprotestanti, wengi wao Waingereza na Wamarekani, walieleza dunia mateso ya kazi ya mpira. William Sheppard, Mmarekani mweusi, aliandika mwaka 1908 juu ya mateso ya Wakuba huko Kasai. Kampuni ya mpira ikamshtaki, lakini mwaka 1909 akashinda kesi mjini Léopoldville. Wamisionari Wakatoliki, wengi wao Wabelgiji waliosaidiwa na serikali, kwa sehemu kubwa walinyamaza.

Chini ya Mobutu, mambo yaligeuka. Mwaka 1972, Kardinali Malula alipinga siasa ya kurudia asili iliyokataza majina ya Kikristo. Gazeti la Kikatoliki Afrique chrétienne likafungiwa, naye akakimbilia Roma. Wakati huo Waprotestanti walikuwa wamekusanywa na sheria chini ya kanisa moja, na kiongozi wao, Bokeleale, alikuwa karibu na Mobutu. Tarehe 16 Februari 1992, walei Wakatoliki ndio walioita maandamano ya Kinshasa, ambako askari waliwapiga watu risasi.

Kwa hiyo, mara nyingi aliyenyamaza ni yule aliyekuwa karibu na utawala, awe wa kanisa gani.

Tofauti iliyobaki ni ya namna ya kusema. Barua ya maaskofu husomwa katika parokia zote kwa siku moja. Ina nguvu, lakini mlei hungoja. Mchungaji anaweza kusema leo bila kungoja Kinshasa, lakini jumuiya nyingine inaweza kumkana kesho.

Mwaka 2025, CENCO na ECC waliunganisha njia hizo mbili: walikutana na Rais Tshisekedi, kisha na viongozi wa AFC/M23 huko Goma.

Kifungu cha 23 cha Katiba kinampa kila mtu uhuru wa kusema, bila kuuliza alibatizwa wapi. Kwa mkaaji wa Kalemie, swali la kumuuliza kiongozi wake wa dini ni hili: unapokea nini kutoka kwa watawala?