Utosi si Ugonjwa, ni Dalili

Ndugu wasikilizaji, nani kati yetu hajapata kumwona mtoto mchanga aliyepakwa dawa utosini? Bibi anamtazama mjukuu, anaona utosi umebonyea, anasema mtoto ana ugonjwa wa utosi. Majani yanatwangwa, yanapakwa, na siku mbili zinapita. Leo tuuzungumzie utosi huo, maana siku mbili hizo zaweza kugharimu uhai.

Fuvu la mtu mzima lina mifupa 22. Mifupa 8 huuzunguka ubongo, na 14 ni ya uso. Karibu yote imeshikamana imara, isipokuwa taya la chini tunalotafunia. Lakini mtoto anapozaliwa, mifupa ya kichwa chake bado haijaungana. Kati ya mfupa na mfupa kuna utando mgumu, na pale inapokutana kadhaa hubaki uwazi. Ulio mkubwa uko juu ya paji la uso. Huo ndio utosi. Mwingine mdogo uko kisogoni.

Umbile hilo lina sababu. Wakati wa kuzaliwa, mifupa husogea na kupandana kidogo ili kichwa kipite. Mkunga naye huupapasa uwazi huo kwa kidole apate kujua kichwa kimeelekea wapi. Baadaye ubongo hukua upesi, na fuvu hutanuka pamoja nao. Uwazi wa kisogoni huziba katika miezi 2 au 3 ya kwanza, na utosi kwa kawaida kabla ya mtoto kutimiza miaka 2.

Kwa hiyo utosi ni dirisha. Mtoto akiwa ametulia, ameinuliwa wima, huwa karibu sawa na kichwa, na pengine huonekana ukidunda kwa mapigo ya moyo. Hilo lisikutishe. Akilia hutuna kidogo, kisha hurudi.

Utosi ukibonyea, hasa mtoto anapoharisha au kutapika, maana yake ni kwamba maji yamepungua mwilini. Tazama pia kama macho yameingia ndani, mdomo umekauka, analia bila machozi, au hakojoi kama kawaida. Dawa ya kupaka juu ya ngozi hairudishi maji. Yanayorudisha ni maziwa ya mama na maji ya chumvichumvi ya pakiti, yaliyochanganywa na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa, akinyweshwa kidogo kidogo. Akilegea au akishindwa kunyonya, apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo.

Utosi ukivimba hali mtoto ametulia, tena ana homa, anatapika au ana degedege, huenda ni homa ya uti wa mgongo. Hapo hakuna kungoja kupambazuke. Na kichwa kikikua haraka kupita kawaida, mpeleke kliniki kipimwe.

Ndugu wasikilizaji, bibi hakukosea kuutazama utosi. Jicho lake liliona jambo la kweli. Kosa ni kutibu dirisha badala ya kutibu kilicho ndani ya nyumba. Wahenga wametuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa utosini tuuache, utajiziba wenyewe kwa wakati wake. Wa kuzibwa leo ni ule wa kuchelewa.