Kabla ya kununua sofa, mfikirie atakayeikalia

Nyanya yangu alipokuja kututembelea jijini, tulimkaribisha kwa fahari kwenye sofa mpya. Ilikuwa ndefu, laini na ya chini. Chai ilipokwisha, alishindwa kuinuka. Ikabidi tumshike mikono, huyu huku na huyu kule. Ziara iliyofuata aliipita sofa hiyo bila kuitazama, akavuta kiti cha jikoni, akakikalia mchana kutwa.

Msomaji, huenda wewe pia unadunduliza pesa za sofa. Ikiwa sebule yako ni ile ya kikwetu, yenye stuli za chai, kabati la vyombo na vitambaa vya kufuma, usichague kwa macho tu. Jiulize kwanza: ni nani watakaoikalia?

Wazee huhitaji kikalio kilicho juu kidogo, inchi 18 hivi kutoka sakafuni. Mikono ya mbao nayo huwapa mahali pa kujishikiza wanapoinuka.

Pili, fikiria umbo. Sofa ya umbo la L huifaa familia inayotazama televisheni. Lakini je, siku ya posa itakuwaje? Pande mbili zinapaswa kutazamana, nayo kona hiyo haigawanyiki. Seti ya viti saba, yaani sofa ya watu watatu, ya wawili, na viti viwili vya mtu mmoja mmoja, hupangwa upya kulingana na shughuli.

Hata hivyo, usisahau futi ya kupimia. Sofa ya watu watatu huchukua takriban futi 7. Pima ukuta, mlango, na ngazi pia ikiwa unaishi ghorofani. Kati ya sofa na meza, acha inchi 18 hivi ili watu wapite bila kugongana magoti.

Iwe unanunua dukani au kwa mafundi wa Gikomba, kumbuka kuwa rahisi ni ghali. Ukiagiza kwa fundi, mwombe akuonyeshe mbao kabla hajazivika kitambaa. Mbao mbichi hupinda zikikauka, na sofa huanza kulia kila mtu anapoketi. Ikiwa imekamilika, inua mguu mmoja wa mbele kiasi cha nusu futi. Iwapo ule wa pili utabaki chini, fremu ni dhaifu. Bonyeza sponji kwa kiganja. Iliyo nzuri hurudi papo hapo.

Aidha, kama unapenda vitambaa vya kufuma, chagua sofa ya rangi moja. Maua juu ya maua huchosha macho. Wenye watoto wadogo watake mito yenye zipu, ili nguo yake ivuliwe na kufuliwa.

Nasi hatimaye tuliiuza ile sofa yetu ya fahari. Nyanya alipokuja tena, alijichagulia kiti karibu na dirisha, akaweka mkono juu ya mbao, na wakati wa kuondoka akainuka mwenyewe.