Bima ni ya Nyumba, Siyo ya Kiwanja

Wenye nyumba wa Keko, Dar es Salaam, huniuliza swali moja mara kwa mara: nyumba yangu haina hati miliki, nitaikatiaje bima? Wengi wameshajijibu kwamba haiwezekani, wakanyamaza. Jibu hilo si sahihi, na naumia nikiona linavyowaacha wazi watu wa Keko Magurumbasi, Keko Machungwa na Keko Mwanga.

Kampuni ya bima haikatii bima ardhi. Inachouliza ni kama una maslahi katika jengo, yaani likiungua usiku huu, ni wewe utakayepata hasara? Uingereza wapo watu wanaomiliki nyumba nyepesi zilizowekwa kwenye viwanja vya kukodi. Wanalipa kodi ya ardhi kila mwezi, lakini nyumba ni zao na wanazikatia bima. Hapo Mombasa, mitaa kama Majengo, watu wamejenga kwa vizazi juu ya ardhi ya wengine. Huku kwetu ipo leseni ya makazi, inayotolewa kwa muda chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kwa wakazi wa maeneo yasiyopimwa. Leseni hiyo, au mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa serikali ya mtaa, pamoja na risiti za kodi ya jengo, vinasaidia kuonyesha kwamba nyumba ni yako. Kampuni moja ikikukatalia, nenda nyingine.

Sasa tuje kwenye kosa linalowaumiza hata wale waliokwisha kukata. Keko iko karibu na Kariakoo na bandari, kwa hiyo kiwanja ni ghali kuliko kilichosimama juu yake. Mtu akiambiwa ataje thamani, hutaja bei ambayo angeuzia. Moto hauunguzi kiwanja. Kinachotakiwa ni gharama ya kujenga upya: tofali, saruji, nondo, mbao, bati, nyaya, fundi, hata kuondoa kifusi. Ukitaja bei ya kuuzia, unalipa ada kubwa kwa kitu ambacho hakitafidiwa kamwe.

Wapo pia wanaopunguza thamani ili ada iwe ndogo, na hao huumia zaidi. Chukua nyumba ambayo kuijenga upya ni shilingi milioni 60, mwenyewe akaandikisha milioni 30. Moto unaunguza vyumba viwili, hasara milioni 10. Anategemea milioni 10, kwa kuwa ziko ndani ya ile 30. Mikataba mingi ina kipengele cha bima pungufu: umekatia nusu ya thamani, utalipwa nusu ya hasara. Atapata milioni 5, tena kabla ya kukatwa kile kiasi cha kwanza ambacho kila mkata bima hubeba mwenyewe.

Jambo la tatu ndilo la Keko hasa. Huu ni mtaa wa maseremala. Makochi na vitanda vya nusu ya jiji vimepita hapa. Nyumba nyingi zina karakana barazani au uani: maranda, vumbi la mbao, sponji, gundi, makopo ya vanishi na tina. Fomu ya bima ikiuliza matumizi ya nyumba, mtu anaandika "makazi". Mkataba wa bima umesimama juu ya ukweli kamili wa mwombaji, na kampuni ikigundua baada ya moto kwamba kulikuwa na karakana isiyotajwa, ina haki ya kukataa dai zima. Taja karakana, hata kama ni ya mpangaji, hata kama ni ya mwanao. Ada itapanda, ndiyo. Lakini vichochoro vya Keko havipitishi gari la zimamoto kirahisi, na moto ulioanzia kwenye tina hausubiri.

Na wewe mpangaji, usidhani bima ya mwenye nyumba inakuhusu. Ile inalinda kuta na paa. Friji, cherehani na godoro lako vinahitaji bima ya vitu vya ndani, inayokatwa kwa jina lako.

Soma pia ni majanga gani yametajwa. Bima ya msingi ya nyumba ni ya moto na radi. Mafuriko, tufani na tetemeko mara nyingi huongezwa kwa kulipia, na yasipoandikwa hayamo. Waliokumbwa na mafuriko ya Desemba 2011 jijini, kama waliovunjikiwa nyumba na mabomu yaliyolipuka Mbagala tarehe 29 Aprili 2009, wengi walibaki kuitegemea serikali. Kifuta machozi hutolewa kwa huruma na kwa uwezo uliopo. Fidia ya bima unaidai kwa mkataba, na ukicheleweshwa bila sababu pana mahali pa kupeleka malalamiko: Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Kabla ya kumlipa wakala yeyote, hakikisha amesajiliwa na TIRA, dai risiti, na umwombe akuonyeshe kwa kidole mahali palipoandikwa neno "mafuriko". Fanya hivyo kabla ya Machi, masika haijaanza.